Moja Toa Moja, Bila Mwisho

Ndani ya basi la mjini Aarhus, Denmark, Birthe alijifanya anasoma gazeti, kumbe masikio yote yalikuwa kiti cha mbele. Huku watu hawasemeshani ovyo, ila Asger na Ronja, wanafunzi wawili wa kiti hicho, walikuwa wameona kila mmoja daftari la mwenzake na kugundua kwamba wanaenda kwenye mtihani mmoja, wa mdomo, saa tatu.

"Moja toa moja, ongeza moja, toa moja, bila mwisho," alisema Asger, mguu ukimcheza. "Jibu ni nusu."

"Nusu umeitoa wapi, kaka? Ukijumlisha unapata moja, halafu sifuri, halafu moja tena. Mfululizo usiotulia hauna jibu."

"Hayo ni ya kitabu chako. Wapo wanaochukua wastani wa hizo jumla, na wastani unatulia kwenye nusu."

"Haya, kaseme hivyo kwenye ile meza ya mtihani ya kitambaa cha kijani, mbele ya watahini, uone."

Birthe alikunja gazeti, akalikunjua. Miaka thelathini nyuma alisema nusu kwenye meza kama hiyo, akafelishwa. Mpaka leo hakuwa na hakika kama alikosea yeye, au yule aliyeuliza bila kusema jumla kwake ina maana gani.

Basi likasimama chuoni. "Samahani kwa kelele, mama," alisema Ronja. "Wewe ungejibu nini?"

"Inategemea nani amekaa upande wa pili wa meza."

Wakacheka, wakashuka mbio. Birthe alishuka taratibu, akaitazama tena barua mkobani iliyomwita: mtahini kutoka nje ya chuo, mtihani wa mdomo, saa tatu.