Maduka Yanafungwa Mapema Bangkok

Ukitoka soko kuu la Bunia kuelekea Mudzi-Pela kuna benchi moja ambalo mguu wake wa nne ni tofali, na kando yake amekaa mama Régine na termosi zake za kahawa ya tangawizi. Hapo ndipo wanaume watatu wanapoiongoza dunia kila asubuhi bila mshahara. Rodrigue anaitwa Komanda. Jeshini hajakanyaga, lakini amekimbia vita mara nyingi mpaka anatambua bunduki kwa mlio, kama wewe unavyomtambua jogoo wa jirani. Emery anaitwa Professeur kwa ajili ya methali zake, ambazo ni nyingi na zote hukosea njia. Wa tatu ni mzee Théodore, wanayemwita Valise, kwa sababu tangu alipokimbia vita vya Djugu na watoto hatoki nyumbani bila mfuko uliofungwa tayari. Leo Valise hakugusa kahawa. Binti yake Gracia, muuza nguo, alikuwa Bangkok kununua mali, safari yake ya kwanza huko, na alikuwa ametuma ujumbe wa sauti. Mzee aliuweka wausikie wote.

— Papa, bonjour. Leo niko natembea na miguu tu, nione muji. Hapa mutu anaweza kupotea na nyumba yake anaiona! Ba mama wanapika kando ya barabara, moto, mafuta, samaki ya kukauka kama ya Kasenyi. Nyuzi za courant, za umeme, ni mingi juu ya kichwa, hata jua haipite. Magari inafuatana pua na mukia. Kuvuka, unafunga macho unaita Yesu. Nimefika ku mutoni, mitumbwi ya moteri inabeba batu kama taxi. Wametundika nguo nyekundu ku kila mulango. Na magasin zinafunga mapema leo, sijue juu ya nini. Miye naendelea mbele.

Komanda alikuwa wa kwanza kukunja uso.

— Na miguu? Mutu wa commerce anatembeaka na miguu juu ya nini?

— Mtembezi hula miguu yake, alisema Professeur. Maana yake chakula imeisha kule.

— Weye! Amesema ba mama wanapika.

— Wanapika, ndiyo. Lakini amesema amekula?

Valise hakucheka. Kichwani mwake mtu aendaye mbali kwa miguu ama anakwenda kwenye matanga, ama anakimbia. Mtu wa kutembea ili aone tu, hakuwahi kumjua, na sasa mtu huyo alikuwa mwanawe.

— Muzee, rudisha pale pa magasin, alisema Komanda.

Akarudisha. Magasin zinafunga mapema. Jambo hilo Bunia halifundishwi shuleni. Duka likifungwa mchana, huulizi, unachukua watoto. Mama Régine mwenyewe alijikuta amefunika vikombe.

— Na nguo nyekundu, Komanda alisema kwa sauti ya chini. Siye tunajua batu ba bunduki wenye kufungaka nguo nyekundu ku kichwa.

— Kule ni ku mulango, si ku kichwa, alisema mama Régine.

— Mama, inaanzaka ku mulango.

Hapo simu ikalia. Ujumbe mwingine wa Gracia, mfupi. Valise aliubonyeza.

— Papa, sikia! Papa, sikia!

Kisha mlio: pa-pa-pa-pa-pa, bila kupumua, watu wakipiga kelele, halafu kimya.

Valise aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Hakuwa tena Bunia. Alikuwa kwenye mihogo kule Djugu, mkono wake juu ya mdomo wa Gracia mdogo. Akashika simu karibu na midomo, akasema maneno yale yale ya siku zile:

— Gracia! Kimbia! Acha saki, acha mali yote. Usifuate barabara, fuata mayi. Ingia fasi ya giza, lala chini. Na uzime telefone, mwangaza inauzishaka mutu. Usiiwashe mpaka kukuche!

Alama za buluu zikatokea. Amesikia. Valise akapiga mara moja ili asikie pumzi yake tu, na mwanamke wa mtandao akamjibu kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani.

— Amezima, akasema. Namujua. Nikimuambia kimbia, haulizake.

— Bunduki ile ni ya mukanda, alisema Komanda, macho ameyafumba. Si moja. Ni mbili, zinajibizana.

— Ni nani anapiganisha nani? aliuliza Professeur.

— Wale wa mitumbwi. Batu wa mayi hawapendake batu wa barabara.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Professeur. Waliingia mumoja mumoja, kama wateja. Wale ba mama wa kupika, muliona vile wako kila njia? Njo sentinelle, ba kulinda njia!

— Na nyuzi za courant! Komanda akadakia. Nyuzi mingi vile, si courant. Ni ya kusikilizia batu.

— Kesho itakuwa Kampala, alisema Professeur. Kesho kutwa ni hapa.

— Munyamaze! alisema mama Régine. Muzee anakufa hapa, nyinyi munapika vita!

Valise aliogopa mpaka akaona aibu ya kuogopa. Kila neno lao lilimwonyesha Gracia amelala kifudifudi mahali pa matope asipopajua, katika mji ambao hata kuomba maji hajui kwa lugha yake. Hata hivyo aliusikiliza ujumbe tena, na tena, simu ameikaza sikioni kama mtu anayejichoma kidonda.

Mama Françoise, muuza samaki aliyepanda kutoka Kasenyi asubuhi ile, alitua beseni lake akaomba kahawa. Aliwaona walivyokunjamana.

— Kuko kilio?

— Kuko vita Bangkok, Komanda akamjibu.

— Na mutoto wa muzee iko ndani, akaongeza Professeur.

Françoise akanyoosha mkono, na Valise akampa simu. Yeye hakuiweka sikioni. Aliiongeza sauti mpaka mwisho, akaishika katikati ya wote. Papa, sikia. Pa-pa-pa-pa-pa. Makelele. Akarudia. Kisha akamtazama mmoja mmoja, kikombe kingali kinamngoja.

— Na hawa batu, wanachekaka nini?

Komanda akainamia simu. Françoise akaurudisha ujumbe, na safari hii wakasikia wote: watoto wakicheka, ngoma chini yake, mtu akipiga makofi, na ule mlio wa bunduki ukawa fataki za sikukuu. Na karibu kabisa na simu, kabla haujakatika, Gracia mwenyewe akicheka, kicheko ambacho baba yake hakuwa amekisikia tangu Djugu.

Valise akanyakua simu.

— Gracia, simama! Mutoto wangu, miye nilikosea, simama!

Alama moja ya kijivu, haikuongezeka. Akapiga. Akapiga tena. Simu ilikuwa imezimwa, kama alivyomwamuru.