Korti ya Bruseli na Shamba la Mama Emerance

Mwaka 1956, kivuko kikituvusha Lualaba kutoka Kindu, nilisimama karibu na Mama Emerance, mkulima wa Pangi. Wiki ile korti ilikuwa imempa mzungu wa pamba shamba la mama huyo. Karani mmoja mwenye tai, aliyekutana naye pale pale, alikuwa akimfariji kwa elimu.

"Usilie, mama. Juu ya majuji wote iko korti kubwa, Bruseli, kule Ubelgiji." Mama akauliza kama watakuja kuona shamba. "Hapana. Wao wanaangalia tu kama juji wa huku alifuata sheria. Kama alikosa, wanavunja hukumu." "Halafu wananirudishia shamba?" "Hapana. Wanatuma kesi kwa juji mwingine, aanze upya."

Mama akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Kumbe kazi ya wakubwa wote hao njo kusahihisha daftari la wenzao!"

Karani akakasirika kana kwamba Bruseli ni kwa shangazi yake. "Ile njo heshima ya sheria, mama!" "Inachukua muda gani, hiyo heshima?" "Miaka miwili. Labda mitatu."

Kivuko kikagonga ukingo. Mama akajitwika kikapu. "Basi waandikie, mwanangu. Mimi kesho ninapanda mupunga katika shamba langu. Mwenye kutaka kunitoa, anikute mule ndani."