Garaji Iliyokataa Pikipiki

Wapendwa wa parokia hii, bababa na bamama, na ninyi vijana wa kwaya ambao tayari munacheka kabla sijasema kitu, nawasalimu katika jina la Bwana. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mke wangu ameniambia zitoshe tano. Nitajaribu kumtii mmoja wao.

Wengi hapa hamujui hata jina nililobatizwa nalo. Munaniita Shefu, yaani mkubwa wa kazi, basi. Ni gari zilizonipa jina hilo. Nilijifunza ufundi Uvira, kisha nikarudi hapa Baraka, nikafungua garaji yangu kwenye barabara ya kupanda Fizi. Wakati ule gari zilikuwa nyingi. Miradi ilikuwa na gari, mashirika yalikuwa na gari, wafanyabiashara walikuwa na malori, na barabara zetu munazijua, hazina huruma kwa gari ya muntu yeyote. Asubuhi gari inavunjika kule juu, mchana inavutwa mpaka kwangu. Nilikuwa na mafundi sita. Mi mwenyewe nilivaa salopeti ya kazi, ya bluu, iliyopigwa pasi, nikitembea katikati ya gari mikono nyuma, nikionyesha kwa kidole tu: hapa kaza, pale fungua. Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha, kiburi kilikuwa kimenijaa mpaka kwenye masikio.

Kisha mambo yakageuka. Miradi ikaanza kufungwa, mmoja leo, mwingine mwezi unaokuja, na gari zake zikaondoka zimefuatana. Mafuta yakapanda bei. Vipuri vikawa havifiki. Wenye malori wakaona safari hazilipi, wakayauza, au wakayaacha nyumbani kuku watage ndani. Musicheke, kuna lori hapa Baraka ambalo sasa ni nyumba ya kuku. Mwenye lori yuko hapa, ananiangalia vibaya.

Garaji yangu ikanyamaza. Zikapita siku nne, tano, hakuna gari hata moja imeingia. Na nje ya mlango, ndugu zangu, pikipiki zinapita. Asubuhi pikipiki, mchana pikipiki. Zimebeba magodoro, mbuzi, muhogo, wagonjwa, bibi harusi. Mi nazisikia tu kelele, nakunja uso.

Siku moja fundi wangu mmoja, sitamtaja jina, akanijia pale mlangoni. Watu walikuwepo: bamama wanaouza mandazi ng'ambo ya barabara, madereva wawili, na mteja wangu wa mwisho. Akaniambia kwa heshima kabisa, "Shefu, hii mapikipiki inapita hapa siku yote. Tufungue mulango, tuipokee."

Nikamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Kwa garaji yangu, kitu ya mapira mbili haitaingia. Kama we unapenda tubaiskeli, enda utengeneze twa batoto." Sikuishia hapo. Nikachukua mfuko wake wa kazi, nikautupa barabarani. Watu wakacheka. Yeye akauokota, akaupanguza vumbi, akasema, "Bakia na amani, Shefu," akaenda zake. Huyo ndiye wa kwanza kuondoka, na ni mi niliyemfukuza. Wengine watano sikuwafukuza, waliondoka wenyewe, mmoja mmoja, kwa sababu hakuna muntu anayeweza kushinda kutwa akitazama ukuta.

Nikabaki peke yangu. Sasa hapa ndipo munipe uvumilivu, maana hiki nitakachosema mulikuwa munakijua wote, ila mulikuwa na adabu. Nilikuwa na gari moja iliyokufa zamani, niliyoinunua ili niitoe vipuri. Kila asubuhi nilikuwa naiinua kwa kriki, naitoa magurudumu yote manne, nalala chini yake na nyundo, nagonga. Jioni nalirudisha kila gurudumu mahali pake. Kesho yake vilevile. Nilitaka mupite museme, Shefu ana kazi. Nilifanya hivyo miezi mizima. Mpaka mama mmoja wa mandazi akavuka barabara, akainama, akaniuliza kule chini nilikolala, "Shefu, huyu mugonjwa wako atapona siku gani?"

Nikagonga kwa nguvu zaidi.

Nyumbani tulikuwa tunakula kwa jasho la mke wangu. Alikuwa ananunua samaki pale ufukoni mwa ziwa asubuhi, anapanda nao Fizi kwa pikipiki. Munaona aibu yangu? Ile pikipiki niliyoikatalia mlango, ndiyo iliyoleta bugali mezani kwangu. Na mi nilikula, nikanawa, nikavaa salopeti yangu, nikaenda kugonga mfu.

Basi siku ikafika. Ilikuwa karibu saa sita mchana, jua kali. Nikiwa chini ya gari, nikasikia pikipiki inakohoa, inakohoa, ikazimika mbele ya mlango wangu. Nikatoka. Juu ya pikipiki ile nilimwona nani? Mke wangu, na kikapu cha samaki, mikebuka, kimefunikwa majani ya ndizi. Siku hiyo samaki walikuwa wamechelewa kutoka ziwani, kwa hiyo kila dakika ilikuwa na maana. Kama hawangefika Fizi upesi, ilikuwa ni kutupa.

Mke wangu akaniambia, "Baba batoto, we si fundi? Angalia hii kitu."

Dereva wa pikipiki, aliyembeba, akaingilia kati. "Papa Shefu, labda tuite ule fundi wa kwa soko?"

"Hapana kuita muntu," nikasema. "Hii ni kamoteri kadogo tu."

Ndugu zangu, mi ni fundi wa dizeli. Moteri za dizeli nazijua kama munavyojua Baba Yetu. Lakini ile ya pikipiki inakunywa petroli, ina kabureta, na kabureta ya pikipiki sikuwahi kuishika maisha yangu yote. Ningesema hivyo, mambo yangeishia hapo. Lakini ningesemaje mbele ya mke wangu, mbele ya bamama wa mandazi? Nikafungua. Nikasafisha. Nikapuliza kama naelewa. Nikafunga. Na nilipomaliza kufunga, kiganjani mwangu kikabaki kisindano kidogo cha chuma, kama kipande cha njiti ya kiberiti.

Nikaangalia huku na huku. Nikakitia mfukoni.

Pikipiki ikagoma, petroli ikaanza kumwagika chini. Dereva hakuniuliza tena, akapiga simu. Baada ya muda kidogo fundi wa soko akafika kwa miguu, na mfuko wake begani. Mumeshamjua. Alikuwa yule niliyemtupia mfuko barabarani. Akanisalimia, "Jambo, Shefu," kama vile tuliachana jana vizuri. Akafungua kabureta, akachungulia, akaniuliza polepole, "Shefu, hakuna kitu ilibakia?"

"Hakuna kitu," nikasema.

"Kasindano haiko. Labda ilianguka."

Akapiga magoti mchangani, akaanza kutafuta. Dereva naye akapiga magoti. Kisha mke wangu akakiweka kikapu chini, akapiga magoti na kitenge chake kizuri, akawa anapekua mchanga kwa vidole. Nzi wameshafika kwenye samaki. Watu watatu wako chini kwenye vumbi, wanatafuta kitu kilicho mfukoni mwangu, na mi nimesimama.

Nimehubiriwa mara nyingi katika kanisa hili, mchungaji anisamehe, lakini sijawahi kuguswa kama nilivyoguswa pale kwa kumwona mke wangu anapekua mchanga. Nikatia mkono mfukoni. Nikakitoa. Nikasema, "Iko huku."

Ng'ambo ya barabara bamama wa mandazi walishasimama kutazama, na hao munawajua. Yule ndugu akainuka, akakipokea kisindano, akakipuliza vumbi, akanitazama machoni. Nilikuwa nangojea anirudishie matusi yangu yote, na nilistahili. Akaniambia, "Hata mi, siku ya kwanza, nilibakisha bipande bitatu." Akakitia mahali pake, akapiga kiki mara mbili, pikipiki ikawaka. Mke wangu akapanguza magoti, akapanda, akaenda. Samaki wakafika, wakauzwa. Mi nikaingia ndani ya garaji nikalia, na sioni haya kuwaambia.

Kesho yake nikamfuata pale sokoni. Nikamwambia, "Unifundishe pikipiki." Hakucheka. Akageuza jerikani, akanionyesha nikae. Nilikaa kwenye jerikani ile miezi mitatu, nikishika buji, zile plagi za cheche, na minyororo, mikono ikichafuka kama ya muntu anayeanza kazi. Madereva walinifurahia sana. Mmoja alikuwa akifika anauliza, "Fundi, ule mwanafunzi wako wa mvi iko wapi leo?" Na mi najibu, "Niko huku, leta chombo." Wapendwa, miaka mingi sikuwa nimecheka kazini. Sikujua kwamba nilikuwa nimeacha.

Kisha siku moja akaniambia, "Shefu, we uko na nafasi, mi niko na bateja. Sasa tunakalia nini mbali-mbali?" Tukarudi pamoja kwenye garaji. Tukawatafuta wale wengine. Wanne wakarudi. Mmoja amekuwa mvuvi na amenenepa, hataki kusikia habari za moteri.

Kitu cha kwanza tulichofanya, tulimkata yule mgonjwa wangu. Siku hiyo mama wa mandazi alipiga vigelegele mpaka wapita njia wakadhani kuna ndoa. Kwa vyuma vyake tukachomelea vichanja vya nyuma vya pikipiki, vya kubebea vikapu vya samaki na magunia ya muhogo, vipana, visivyoinama njiani. Munaviona kila siku hapa Baraka. Watu wa Ubwari wakasikia, wakaanza kutuletea moteri za boti zao. Bamama wa Mboko wakaleta mashine yao ya kusaga muhogo. Na gari ikija, tunaitengeneza pia, karibu sana, lakini inapanga foleni nyuma ya pikipiki. Asubuhi nikifika sasa, nakuta watu wameshaanza kuongea na kucheka mlangoni, nami najisikia kama kijana.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyenilisha na hajanikumbusha hata mara moja habari ya mchanga ule. Sawa, mara moja. Nawashukuru madereva wa pikipiki, na bamama wa mandazi kwa macho yao makali. Fundisho langu ni fupi: kazi yako ikibadilika, ukubali kukaa tena kwenye jerikani. Na ukiwa na kitu mfukoni ambacho wengine wanakitafuta kwa magoti, kitoe upesi.

Lakini sikusimama hapa kwa kushukuru tu. Ndugu yangu, uliyekaa pale karibu na dirisha, usiangalie chini. Nilikuomba msamaha zamani, tukiwa wawili, na ulinisamehe. Haikutosha. Nilikutukana mbele za watu, na mfuko wako niliutupa mbele za watu. Kwa hiyo leo, mbele ya watu hawa hawa, nasema: nilikukosea. Ulikuwa na haki, na mi nilikuwa mjinga. Unisamehe.

Na jambo la mwisho. Mke wangu analijua, mafundi wanalijua, wewe peke yako hujui. Tangu turudi pamoja, kila asubuhi unaniita Shefu, wakati sisi wote tunakuuliza wewe cha kufanya. Basi, kuanzia kesho, garaji itaongozwa na wewe. Mi nitashika kazi ya dizeli, na nitafika kwa saa utakayoipanga. Funguo ziko kwa mke wangu, atakupa mukitoka.

Wapendwa, nimemaliza. Shefu, naomba ruhusa niende kukaa.