Kamelina ya Mtaroni

Benchi la kijiwe cha Dunmarra lilikuwa la kanisa kabla ya kuhamia nje ya duka la ushirika, ndiyo maana kila anayelikalia hupandwa na mahubiri. Liko pale kwenye kona, mgongo ukutani, uso kwenye reli isiyopita treni. Jua la Mei likishapanda juu ya ghala la nafaka unaweza kuvua kofia, ila koti usijaribu. Kila asubuhi saa moja na nusu dadu hutikiswa ndani ya kikombe cha ngozi, na anayetupa ndogo huingia dukani kuwachotea wenzake kahawa. Baada ya hapo kazi ni moja tu, kujua kila kitu. Jimbo zima la Saskatchewan halina wakulima wanaojua kila kitu kama wale wanne, na hata hao ukiwauliza, kila mmoja atakwambia yuko peke yake.

Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyewazidi wote alikuwa Kelby Hnatiuk, miaka ishirini na sita, aliyebatizwa Profesa kwa kuwa aliacha shule ana miaka kumi na tano na tangu siku hiyo hajawahi kukosa jibu. Mzee Orest aliitwa Inchi Mbili, maana mvua ikinyesha, hata iwe manyunyu ya kulowesha kope, kipimo cha shambani kwake husoma inchi mbili. Halvor ndiye aliyelinunua lile benchi kanisa lilipofungwa, basi akawa Askofu. Gaston alikuwa Redio, na ukikaa naye dakika tano utajua kwa nini.

Jumanne ile Profesa aliketi bila kumsukuma mtu, na wenzake wakajua kilio bado kibichi.

Kwa miaka sita alikuwa akizalisha mbegu yake ya kamelina. Ni mmea wa mafuta, maua ya njano, punje ndogo kama mchanga. Alianza kwenye baraza ya bibi yake, akichambua maua kwa kibano cha nyusi cha huyo bibi, akichagua zenye punje nene na zenye roho ngumu, akizipanda, akichagua tena. Alitaka kamelina ya kupandwa vuli, ilale chini ya baridi, iamke kabla ngano haijafikiriwa. Mafuta yake yaende kwenye ndege, makapi yake yawe chakula cha kuku na ng'ombe. Bwana mmoja wa kiwanda cha mafuta ya ndege alikuja hadi barazani akaitazama, akasema theluji hutunza mmea wowote ule. Siku Kelby atakapokuwa na mbegu iliyopita baridi bila blanketi la theluji, hata kiganja kimoja, ampigie simu.

Kelby akaenda kijiweni kutangaza. Septemba akapanda mbegu zote alizonazo duniani. Hakuacha hata kikombe kimoja.

— Akiba ni ya mtu asiyeiamini mbegu yake, aliwaambia siku ile.

Januari ikaja digrii arobaini chini ya sifuri, na upepo ukalifagia shamba hadi udongo ukaonekana. Majira ya machipuko yakafika lile shamba likiwa limelala kahawia kama mkeka wa mlangoni. Halikuota jani.

Lakini kulikuwa na kituko, na kituko ndicho kilichokifanya kijiwe kisiinuke. Kando ya barabara ya changarawe ya kaskazini, kutoka langoni kwa Kelby kuja mjini, mtaro ulikuwa na kijani. Agosti alipobeba mavuno kwenda kuyachekecha, lori lilivuja. Mtoto yeyote wa Dunmarra anajua kamelina hupita kila tundu ambalo maji yangepita, ndiyo maana mtu hujaza bodi ya lori matambara na utepe kabla ya kupakia. Kelby alijisifu kwamba amemaliza mizingo mitatu ya utepe. Tundu la taa ya nyuma alilisahau.

— Mtaro wa halmashauri unalima kukushinda, Profesa, alisema Askofu, akipuliza kahawa. Ungeupa shamba lako lote, wewe ukakae barazani.

— Cheka tu, mzee. Unaicheka mbegu yangu huku imesimama.

— Imesimama kwenye mtaro, bwana. Wewe ndiye umelala.

Inchi Mbili alikuwa na maelezo tayari. Mimea ya mtaroni imepona kwa sababu Septemba mvua ilipiga upande ule. Akaulizwa ilinyesha kiasi gani, na wote watatu wakalijibu swali kabla yake.

Redio akasema mvua haihusiki. Halmashauri humwaga chumvi kwenye changarawe ili vumbi litulie. Mmea umeinywa chumvi hiyo hadi ukawa kama matango ya kwenye chupa, na tango la chupani haligandi hata ulisahau nje Krismasi nzima.

— We Gaston, ulijaribu? aliuliza Inchi Mbili.

— Mke wangu alijaribu. Alinisahau mimi pamoja nayo.

Askofu alikunywa kahawa yake kama mtu anayengojea zamu. Kisha akaeleza, taratibu, kwamba malori yanadondosha mafuta njiani, na mmea wa mafuta unayajua mafuta kama ndama anavyomjua mama yake. Kamelina imenusa injini, ikajua iko karibu na kazi yake, ikaona haina sababu ya kufa.

Redio hakukubali kupitwa. Akasema ni mtikisiko. Mmea wa kando ya barabara hauachwi ulale, kila lori linautikisa, na baridi humwua aliyelala. Yeye mwenyewe Januari aliponea hivyo hivyo, pikipiki yake ya theluji ilipokwama juu ya karavati, kile kidaraja cha maji ya mtaro, changarawe tupu, hakuna theluji ya kuipitisha, akacheza na kurukaruka peke yake mpaka mpwa wake akaja kumchukua.

— Hiyo ya kucheza hatukuisikia, alisema Inchi Mbili.

— Haikuwa ya kutangaza.

Walicheka, na Kelby akaona nafasi yake. Akasimama, kikombe mkononi. Alisema wote wanahangaika bure, jibu liko wazi. Mbegu yake ina akili. Ililijua lile shamba, ikajua Januari inakuja, ikatafuta tundu la taa ya nyuma ikashuka yenyewe mahali ilipopapenda. Yeye hakusahau kitu chochote. Alikuwa tu dereva.

Hata Askofu alitikisa kichwa kwa heshima kidogo.

Hapo likaja lori jeupe la halmashauri lenye tangi mgongoni na mkono wa bomba ubavuni. Akashuka mwanamke mwenye fulana ya kung'aa, Maricel Dumlao, Mfilipino aliyehamia mwaka jana na kuanza kazi ile wiki mbili tu zilizopita. Aliwasalimu mmoja mmoja kwa adabu iliyowafanya wakae wima.

— Samahani wazee. Leo napuliza dawa ya magugu barabara ya kaskazini. Ofisini wameniambia kuna mtu ana mimea yake mtaroni.

— Ni mimi, dada, alisema Kelby. Na ni mimea ambayo siku moja utapanda ndege ukaruka kwa nguvu zake.

— Sawa. Mimi nataka nifunge bomba nikifika hapo. Inaanzia wapi, na inaishia wapi?

Kelby akamtazama Inchi Mbili, naye Inchi Mbili akamtazama Redio. Redio akaiangalia reli kana kwamba treni inakuja.

— Huku na huku, alisema Kelby. Utaiona. Ni kijani.

— Magugu pia ni kijani, kaka. Nani kati yenu ameshuka garini akaitazama?

Maneno ya wiki mbili yalikuwa yamemwagwa pale juu ya mtaro ambao kila mmoja alikuwa ameupita kwenye kioo cha gari, na Profesa aliupita kwa kasi kuliko wote. Alijua sababu. Tangu siku aliyosimama kwenye lile shamba la mkeka hakutaka kuinama tena juu ya kitu chochote kilichotoka mkononi mwake.

Maricel alitazama bendera ya posta, ilikuwa imelala. Akasema dawa imeshachanganywa na upepo huamka saa nne, atawapa muda wa saa moja waiwekee alama, zaidi ya hapo atapuliza na watamsamehe.

— Nipeni vikombe, alisema Kelby.

— Changu kina kahawa, alisema Inchi Mbili.

— Kinywe basi, mzee. Mche mmoja, kikombe kimoja, kifudifudi. Atakapoona cheupe, anafunga.

Inchi Mbili alikunywa kwa mkupuo, macho yakamtoka. Redio akaingia dukani akatoka na vikombe vyote vya karatasi vilivyokuwa kwenye kaunta, na binti wa duka akimfuata hadi mlangoni akiuliza wateja watanywea nini. Birika ndani lilikuwa limejaa.

Walianzia kwenye mtaro wenyewe, magoti chini, wazee watatu wakilalamika kwa zamu. Kelby aliwaonyesha jani refu lililochongoka, lenye vinywele, lisilonuka likisagwa. Gugu linafanana nalo ila harufu yake hukaa kidoleni mpaka jioni. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kumsikia akieleza jambo bila kujitia ndani yake.

Chini mtaroni kamelina ilikuwa nyingi, vikombe vikaanza kupungua. Askofu alijinyoosha, mkono kiunoni.

— Profesa, nitakwambia na usinune. Huku chini ndiko theluji ya nchi nzima ilikorundikana. Hizi zilijifunika. Hata mimi ningepona.

Kelby alitaka kubisha. Alilitafuta jibu mahali anapoyaweka majibu, akalikosa. Theluji hutunza mmea wowote; bwana wa kiwanda alikwisha kusema.

— Basi hapa hapatufai, alisema. Tupande juu.

— Juu ni changarawe.

— Ndiyo.

Alikwenda kwa magoti kwenye ukingo, akielekea karavatini, mahali pa juu kuliko pote ambapo upepo hauachi kitu. Hatua ishirini hakukuwa na jani. Thelathini, hakuna. Suruali ilitoboka goti moja naye akaendelea. Kisha kati ya mawe mawili akaona mche mmoja mdogo, umekunjamana, jani la chini limeungua na baridi, katikati kijani.

Akaufunika kwa kikombe, akaendelea. Wa pili, wa tatu. Mpaka karavati linaisha miche ilikuwa saba.

— Gaston, aliita. Ile Januari ulikwama wapi hasa?

Redio alikuja, akatazama chini, akavua kofia.

— Hapa hapa. Hapakuwa na theluji ya kujaza kijiko. Mwezi mzima nilipita nikipatukana.

— Utamwambia hivyo bwana wa kiwanda?

— Nitamwambia, nitarudia, na nitamwonyesha nilivyocheza.

Lori jeupe lilikuja polepole. Maricel alipofika kwenye kikombe cha kwanza akafunga bomba, akapita vyeupe vyote hadi mwisho wa karavati, akafungua tena. Alipunga mkono dirishani bila kusimama.

Wazee waliketi ukingoni, miguu mtaroni. Inchi Mbili aliuliza miche saba itatoa nini. Kelby akasema ikiachwa ikomae, viganja viwili vya mbegu, labda vitatu, na Septemba zinaingia ardhini pale pale shambani zilipomfia za kwanza, upande ule ule unaofagiwa na upepo.

— Zote? aliuliza Askofu.

Kelby alikuwa na kikombe kimoja kilichobaki, cha Inchi Mbili, bado kina unyevu wa kahawa chini. Alikifuta ndani kwa mkia wa shati mpaka kikakauka, akakitia ndani ya koti.

— Hiki kikijaa mbegu, hakipandwi, alisema.