Picha ya LEO Ilisomwa Jumapili

Benchi yetu iko Jabe, Bujumbura, mbele ya kibanda cha Antenne, fundi wa simu ambaye mama yake alimwita Cirimwami na sisi tukamharibia jina. Kushoto hukaa mzee Xavier, tunayemwita Direkta kwa sababu alistaafu serikalini bila kuwa direkta. Mama Daphrose hutumiminia kahawa ya tangawizi na kutusikiliza, kazi ambayo hakuiomba. Mimi ni Moïse, lakini hapa ni Programu, maana kazi yangu ni kupanga matangazo kwenye appli za simu: picha gani itoke siku gani, na ibadilike saa ngapi. Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini, kuna mgahawa wa mama Rosette. Aliacha kupikia kantini ya shule ili aufungue, na jana Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Akapika sahani arobaini. Tangazo nililipanga mimi. Hakuja mtu, na chakula kikapelekwa kwa wanakwaya. Leo asubuhi, akienda kanisani, alisimama mbele yetu akasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: “Nikitoka kanisa nafunga vyombo. Kesho narudi Uvira kwa dada yangu.” Basi tukakaa kuchunguza kosa lilikuwa wapi.

— Ni réseau, alianza Antenne. Kwake yeye kila kitu ni réseau, mtandao wa simu, hata mkewe akinuna.

— Réseau gani, sha? alisema Daphrose. Jana mi niliongea na mutoto yangu wa Musaga, nikamusikia mpaka anatafuna.

— Mama, réseau ya kuongea ni ingine, ya picha ni ingine. Picha iko na uzito. Ilitoka hapa, ikafika kwa ziwa, ikavuka, ikaingia Congo. Watu wa Uvira njo waliiona.

— Sasa mbona hawakukuja kula?

— Frontière, mpaka.

Direkta alikohoa. Akikohoa hivyo tunajua anaingia ofisini.

— Nyinyi hamujui administration. Tangazo ni dossier, ni faili. Iko mutu mwenye anaitia muhuri. Na huyo mutu anakaa inchi yenye sisi tukiamka, ye analala. Jumamosi alikuwa kwa harusi. Imeisha.

— Harusi ya nani? nikauliza.

— We Programu, unataka na jina ya bibi-harusi?

Antenne hakukubali kupitwa.

— Apana, mzee. Nakueleza sasa kitu ya siri. Kule juu iko satelite. Inapita ikimwaga matangazo. Ikifika Congo inamwaga siku nzima, ile inchi ni kubwa. Burundi je? Ikikohoa tu kidogo, imeshatupita!

Tulikubali kwamba nchi yetu ni ndogo. Tulikunywa. Nilianza kuipenda ile satelaiti, kwa kuwa ilikuwa inanitoa mashakani.

— Programu, alisema Daphrose, leta hiyo simu. Mi najua kusoma.

Nikampa. Akaitazama picha iliyokuwa ikionekana jana kutwa nzima: samaki mwekundu, mvuke, na neno moja kubwa la Kirundi, EJO. Chini yake: Kwa Mama Rosette, Jabe.

— Ejo gani?

— Ejo ya kesho, mama. Ilipangwa itoke Ijumaa.

— Na Jumamosi ilikuwa inafanya nini kwa simu?

Hapo nilijua nimekwisha. Kwa Kirundi ejo ni kesho, na ejo hiyohiyo ni jana. Kitenzi ndicho kinachoamua. Mimi sikuweka kitenzi. Rosette aliniomba niandike tarehe, nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba tarehe inachafua picha.

— Kwa hiyo, alisema Daphrose polepole, Jumamosi mwenye alisoma jana akasema, yoo, nimechelewa. Mwenye alisoma kesho akasema, nitaenda kesho. Leo tu njo yenye hakuna mutu alisoma.

Antenne alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye simu ya mteja.

— Na haukutengeneza picha ya leo? aliuliza Direkta.

— Nilitengeneza. LEO, herufi kubwa, na nyanya pembeni. Ilikuwa itoke Jumamosi saa kumi na mbili ya asubuhi, ile ya EJO iondoke.

— Sasa?

Sasa, ukweli. Watu wa appli huchunguza kila picha siku nzima kabla ya kuiachia. Nalijua hilo, wateja wote nawaambia: leteni mapema. Ya Rosette niliituma Ijumaa jioni, kwa sababu mchana kutwa nilikuwa kwenye benchi hii nikiwafundisha hawa namna ya kupanga tangazo kwa wakati. Na ile ya EJO sikuiwekea siku ya kuondoka.

— Ilikubaliwa jana saa moja ya jioni, nikasema. Rosette alikuwa anaosha masufuria. Mpaka saa hii inaonekana.

— Inasema leo? Leo Jumapili? Na mulango imefungwa? aliuliza Daphrose.

— Ego, ndiyo.

— Muhuri! alisema Direkta akijipiga goti kwa furaha. Si nilisema ni muhuri? Tuunde commission. Mi ni président.

— Mi natunza réseau, alisema Antenne.

Tulikuwa bado tunagawana vyeo msichana aliposimama mbele yetu, simu mkononi, vumbi miguuni.

— Mwiriwe. Samahani, ni wapi kwa Mama Rosette? Appli inasema ni leo. Natoka mbali, Gihosha.

Kwa vidole vitatu vya kitaalamu tulimwonyesha mlango uliofungwa. Nikamweleza kwamba mwenyewe yuko kanisani, atarudi. Hakukasirika. Aliutazama mlango, akatutazama sisi, akaiona benchi ilivyong'aa kwa makalio yetu.

— Nyinyi ni majirani. Anapika muzuri?

Direkta alitazama ndani ya kikombe.

— Mi nakulaka nyumbani, alisema. Mambo ya sukari.

— Jana nilingoja kwanza foule ya watu ipungue, alisema Antenne.

— Foule gani? aliuliza msichana.

Antenne alianza kupangusa ile simu ya mteja. Daphrose aligeuka akajifanya anafunga termosi. Msichana akanitazama mimi, maana nilikuwa nimebaki peke yangu. Kwenye picha ya LEO, chini ya samaki, nilikuwa nimeandika kwamba hakuna samaki kama huyu Bujumbura nzima.

— Sijui, nikasema.

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Jana nilikaa hapa kutwa nzima nikiangalia kwenye simu ni wangapi wameiona picha, na yule mama alitoka mlangoni mara nne kutazama barabara. Mara zote nne niliinamisha kichwa.

Msichana alisema jina lake ni Nella, kwamba ana njaa na atangoja. Alivuka barabara akakaa kwenye ngazi ya mlango. Kengele za kanisa zilikuwa zimeanza kulia, ibada imekwisha. Niliweka kikombe chini, nikavuka, nikakaa nyuma yake. Antenne alifunga kibanda. Direkta akaja na fimbo yake, akauliza kama mstari unaanzia mbele au nyuma.