Mahindi ya Kwenye Simu

Tangu basi litoke Handeni, Rukaya alikuwa ametega sikio kwenye kiti cha mbele yake, ambako kijana mmoja alikuwa akimwonyesha simu bibi aliyekaa naye. "Bibi, hili gemu balaa! Mahindi yanaoza kweli, jembe linashika kutu! Tupo wachezaji thelathini kwenye kijiji cha humu ndani ya simu, njaa itatumaliza!"

"Mliyatia majivu?" bibi akauliza.

"Majivu hayamo, bibi."

"Basi waliolitengeneza hawajawahi kulima. Yapandisheni darini, juu ya jiko, yapate moshi."

Kijana akabonyeza. "Imekubali!" Rukaya akajikuta anapiga makofi, mtu mzima na heshima zake.

Basi likasimama. "Kilole!" akaita konda. "Bibi, si unashuka hapa?"

"Ningoje," bibi akasema, macho kwenye simu. "Hilo jembe nani kaliacha kwenye umande?"