Nafasi Nyembamba ya Mzee Revocatus

Tulipotoka Tarime kwa basi kuelekea Mugumu, Mzee Revocatus, aliyeketi mbele yangu, alimweleza dada wa kando yake kwamba anakwenda Nyambureti kumtafuta Elia, rafiki aliyechunga naye ng'ombe utotoni. Familia ya mzee ilihamia Kenya, na tangu hapo hawakuonana tena.

“Una namba yake ya simu?” dada akauliza. Hakuwa nayo. “Jina la baba yake?” Mzee akacheka kidogo. “Tulimwita Baba Elia.”

“Babu, hiyo ni slim chance,” dada akasema, kwa Kiingereza cha watu wa Sirari, kinachovuka mpaka wa Kenya bila kuulizwa.

“Ndiyo nini?”

“Nafasi nyembamba.”

“Nyembamba, lakini ipo?”

“Hapana, babu. Mtu akisema hivyo anamaanisha haipo, ila anaona aibu kukuambia.”

“Basi angesema haipo.” Mzee akageukia dirishani. “Elia alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Siku moja ya mvua alinifunika shuka lake, yeye akalowa. Nimeishi na watu wengi, mjukuu wangu. Sijaona mwingine wa hivyo.”

Mimi nilikubaliana na dada, ingawa nilitamani ashindwe.

Basi liliposimama Nyambureti, mzee akashuka taratibu. Dada akamtazama, kisha akabeba mkoba wake na kumfuata.

“Bado nasema haipo, babu,” nilimsikia akisema. “Lakini tuanze kuuliza pale dukani.”